Barakoa Wakati wa Utulivu

Ndege ya abiria ya Marekani ikiwa juu ya futi 35,000, rubani mmoja akiinuka kwenda msalani, kanuni, hadi mwaka 2020, ilimtaka anayebaki avae barakoa ya oksijeni hadi mwenzake arudi. Mlango umefungwa, anga ni shwari, hakuna rubani mwingine anayemwona. Si siri miongoni mwa marubani kwamba wengi waliiacha ikining'inia. Barakoa hiyo huvalika kwa mkono mmoja ndani ya sekunde 5. Ya nini kujibana uso kabla ya shida?

Hoja hiyo ina uzito. Hewa ikitoka katika kimo hicho, akili hudumu kwa sekunde 30 hadi 60 hivi, na 5 zinatosha. Lakini zinamtosha nani? Yule anayejua kwamba zimeanza kuhesabiwa. Upungufu wa oksijeni hauumi. Mara nyingi huleta uchangamfu, mtu akajiona hodari ilhali hesabu ndogo imeshamshinda.

Tarehe 14 Agosti 2005, ndege ya shirika la Helios iliyotoka Larnaca kwenda Athens ilipanda bila hewa kujazwa ndani kama inavyopasa. King'ora kililia, marubani wakakidhania cha hitilafu nyingine. Watu wote 121 walikufa. Wapo wanaosema ni uzembe. Mimi naona pia watu waliopima hali yao kwa akili ambayo hali hiyohiyo ilikuwa ikiwapokonya.

Basi utii ni nini kwa mtu asiye na msimamizi? Tumezoea kuuona kama kufuata amri ya aliyetuzidi nguvu, na hapa mwenye nguvu hayupo. Labda utii wa namna hii ni kukubali kwamba mimi niliye timamu sasa nina haki ya kumwamulia mimi wa dakika ijayo, ambaye huenda asiwe timamu. Je, hilo halimdhalilishi mtu aliyeruka miaka mingi? Nadhani yeye ndiye anayelihitaji zaidi. Kila safari aliyofika salama bila barakoa imemfundisha kwamba barakoa ni bure. Waliofundishwa kinyume chake, wengi hawakurudi kusimulia.

Nao abiria hawajui kwamba kiti kimoja kule mbele ni kitupu. Hawawezi kumshukuru rubani aliyebaki wala kumlaumu. Heshima anayowapa dakika hizo haina malipo, na kwangu ni kubwa kuliko salamu zote za mlangoni.