Kuazimisha Kilicholala

Katika mitaa yetu hakuna nyumba isiyojua kuazimana. Mbuzi ya kukunia nazi, kinu na mchi, ngazi, sufuria kubwa la kupikia wali wa harusi, vyote hivi hutoka mlango huu vikaingia ule, na mtu amnyimaye jirani yake kinu asichokitumia siku hiyo husemwa, na ni haki asemwe. Katika Qur'ani iko sura nzima iliyochukua jina lake kwa vitu vidogo vya namna hii, nayo ni Al-Maaun.

Leo majumbani mwetu kimeingia chombo kingine ambacho aghalabu hukaa bure kuliko kinu, nacho ni kompyuta. Mwenyewe ameondoka kwenda kazini, au amelala, nayo iko mezani haina la kufanya. Kwa muda wa karibu miaka 30 sasa wako watu wengi duniani wanaoviazimisha vyombo vyao hivi kwa wataalamu wa sayansi, bila ya malipo. Nataka tulitazame jambo hili, si kwa ajabu yake, bali kwa swali lililomo ndani yake: kitu usichokitumia saa hii, ukikitoa umetoa nini? Na je, ni chako kukitoa?

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Zipo hesabu ambazo kompyuta moja ingezifanya kwa miaka na miaka, lakini zaweza kukatwa vipande, na kila kipande kikafanywa peke yake bila ya kungojea mwenziwe. Si hesabu zote zilivyo hivyo. Nyingine ni kama mkate wa kumimina, hata ukiita wapishi kumi unga hautaumuka upesi zaidi. Lakini zile zinazokatika, chuo huzikata, kikavipeleka vipande kwa njia ya intaneti kwenye kompyuta za watu waliokubali. Kompyuta yako hupokea kipande chake, hukifanyia kazi wakati wewe huitumii, hurudisha jibu, kisha huomba kingine. Ukirudi mezani ukaigusa, kazi ya mgeni husimama, ukapewa nafasi yako.

Mwaka 1996 Mmarekani George Woltman alianza kuwakusanya watu kwa njia hii ili kutafuta namba tasa kubwa kubwa. Mnamo tarehe 17 Mei 1999 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikaanzisha SETI@home, mradi wa kuchambua mawimbi ya redio yaliyonaswa na darubini kubwa ya Arecibo, huko Puerto Rico, kutazama kama imo humo dalili ya viumbe wengine wenye akili. Waliojiunga kwa miaka yote walipita milioni 5. Na kwa kuwa njia ilikwisha kupatikana, David Anderson wa chuo hicho hicho akaunda programu iitwayo BOINC, ambayo mtaalamu yeyote mwenye hesabu za kukatika aweza kuitumia.

Ama kwetu sisi, mradi wa kututia hamu zaidi si ule wa mbinguni. Mwaka 2005 Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Uswisi, iliyoko mji wa Basel, ilifungua mradi wa malaria ulioitwa malariacontrol.net. Watu wa Basel si wageni katika nchi zetu. Walikuwa na maabara Ifakara, katika bonde la Kilombero, tangu miaka ya 1950, na hiyo ndiyo mbegu ya Taasisi ya Afya Ifakara tunayoijua leo. Wataalamu hao walijenga vijiji vya hesabu ndani ya kompyuta: watu wa kubuni wanaozaliwa, wanaoumwa na mbu, wanaoshikwa na homa, wanaojenga kinga mwilini, wanaokufa. Kisha huviuliza vijiji hivyo: tukigawa vyandarua itakuwaje? Tukibadilisha dawa? Tukiwachanja watoto wachanga, baada ya miaka 20 tutakuwa wapi? Kukiendesha kijiji mara moja hakufai kitu, kwa sababu bahati imo ndani yake, leo mbu amemwuma huyu na kesho yule. Lazima kirudiwe maelfu ya mara, kila mara kwa vipimo vingine, na kilinganishwe na yale yaliyopimwa kwa mikono katika vijiji vya kweli, vikiwamo vya Kilombero. Hapo ndipo kompyuta za watu zilipohitajika, na mradi ukaendelea hadi mwaka 2016.

Hebu mfikirie mtu huyo aliyeazimisha. Wengi wao walikuwa Ulaya na Marekani. Ni mtu ambaye hajapata kushikwa na homa ya malaria wala hatarajii kushikwa, na usiku kompyuta yake ikifanya kazi kwa ajili ya mtoto wa Ifakara au wa Kilifi ambaye hatamwona maisha. Mtoto hamjui, mama wa mtoto hamjui, na chandarua kikifika hakina jina lake. Sisi tumezoea kuiona sadaka ya siri kuwa ni ile ya bahasha inayopitishwa chini ya mlango, lakini katika hii hata mpokeaji hajui kwamba amepokea.

Atasema msemaji: huyo ametoa nini? Kompyuta ilikuwa imelala, hakupungukiwa na chochote.

Hapana, amepungukiwa, na ni vizuri tujue kwa kiasi gani. Dau likipandishwa pwani likakaa miezi, mbao hukauka na mishono ikafunguka, hata ikawa ni kheri likitumiwa kuliko kulazwa. Kompyuta si dau. Kupumzika hakuidhuru, kazi ndiyo inayoipasha moto na kuichosha, na kazi hula umeme. Tuchukulie kompyuta ya mezani ambayo kwa kazi hii huzidisha wati 100 tu juu ya kawaida yake. Kwa saa 24 hizo ni uniti 2.4, na kwa siku 30 ni uniti 72. Sasa kumbuka kwamba bei nafuu ya D1 ya Tanesco kwa nyumba zenye matumizi madogo iliwahi kuwa na mpaka wa uniti 75 kwa mwezi. Yaani mgeni huyu asiyeonekana angekula karibu fungu lote la bei nafuu la nyumba, na taa, pasi na friji zikaangukia kwenye bei ya juu. Zaidi ya hayo, Mzungu katika baridi yake lile joto la kompyuta humpashia chumba, kwa hiyo halikupotea lote. Sisi katika joto la kaskazi, mwezi wa Februari, joto lile lile hutuzidishia kazi ya feni.

Kwa hiyo nyumba inayonunua umeme wa siku mbili mbili isijione bakhili kwa kutoingia katika jambo hili. Chakula cha watoto na ada ya shule viko mbele. Na mwenye nacho akitoa, ajue ametoa kweli, asidhani ameokota kitu njiani akampa mtu. Kwenye simu mambo ni mepesi zaidi. BOINC ya simu za Android, iliyotoka mwaka 2013, ilipangwa isifanye kazi ila simu ikiwa kwenye chaji, betri imepita asilimia 90, na intaneti ni ya Wi-Fi, si bando la kununua. Mimi utaratibu huo umenipendeza. Ni kama mgeni asiyenyoosha mkono kwenye sinia mpaka wenyeji wawe wameshiba.

Lakini liko jambo zito kuliko umeme, nalo ni mwenye kitu. Katika jimbo la Georgia, Marekani, fundi mmoja wa kompyuta katika chuo cha ufundi aliziweka kompyuta za chuo katika mradi wa namna hii bila ya ruhusa. Akashitakiwa kwa jinai, na mwaka 2002 shauri likamalizika kwa makubaliano: kuwa chini ya uangalizi, kulipa fidia, na kufanya kazi za jamii kwa saa kadhaa. Mwaka 2009, katika jimbo la Arizona, mtumishi wa idara ya shule alijiuzulu baada ya kubainika kwamba maelfu ya kompyuta za shule zilikuwa zikifanya kazi ya SETI@home kwa miaka, na wakubwa wake wakakisia hasara ya zaidi ya dola milioni moja.

Mimi naona kumpeleka mtu mahakama ya jinai kwa jambo kama lile la Georgia kulilizidi kosa. Kuonywa na kulipishwa kungetosha. Hata hivyo kosa lilikuwapo. Watu hao huenda walitaka kheri, lakini walitoa sadaka kwenye mfuko wa watu wengine. Kompyuta ya ofisi jioni haina mtu, lakini ina mwenyewe. Sufuria la madrasa likiwa kabatini haliwi lako kwa kuwa leo hakuna anayelipikia.

Na ruhusa hii si adabu tu ya juu juu. Kuanzia Septemba 2017 hadi Machi 2019 palikuwa na huduma iliyoitwa Coinhive. Mwenye tovuti aliiweka katika kurasa zake, na kila aliyezifungua kusoma, kompyuta yake ikatiwa kazini kuchimba sarafu za kidijitali, na mara nyingi msomaji mwenyewe hakuambiwa. Ukiitazama mashine peke yake, hutaona tofauti kubwa baina ya hili na lile la malaria: kompyuta ya mtu, hesabu za mtu mwingine, umeme wa mwenye kompyuta. Lakini moja ni kuazima na la pili ni wizi, na kilichotenganisha ni kuulizwa, na faida kwenda kwa nani.

Hili la faida pia mtoaji ana haki ya kuliuliza kabla hajatoa. World Community Grid, uliofunguliwa na IBM mwaka 2004, uliweka sharti kwamba utafiti unaosaidiwa nao matokeo yake yawe wazi kwa watu wote. Na mwaka 2020, korona ilipoingia, mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Folding@home, mradi wa tangu mwaka 2000 unaochunguza jinsi protini za mwilini zinavyojikunja. Kufikia Machi nguvu ya kompyuta zao ilipita hesabu bilioni moja mara bilioni moja kwa sekunde, kiasi ambacho hakuna mtambo mmoja duniani uliokuwa umekifikia. Hofu ilipopungua, wengi walizima wakaenda zao.

Nisisahau kichekesho kimoja. Miradi hii humhesabia kila mtu pointi na kuliweka jina lake katika orodha. Watu wa Berkeley wakagundua kwamba wako walioichezea programu ili irudishe majibu bila ya kufanya kazi, wapande daraja. Hapakuwa na senti, hapakuwa na zawadi, ni jina tu kwenye orodha! Basi ikabidi kila kipande kipelekwe kwa zaidi ya mtu mmoja, na majibu yalinganishwe, kama hakimu anayetaka mashahidi wawili.

Tarehe 31 Machi 2020 SETI@home iliacha kugawa kazi. Kwa karibu miaka 21 haikuthibitika hata sauti moja kutoka mbinguni, na Desemba ya mwaka huo huo darubini ya Arecibo yenyewe ikaporomoka. Je, umeme wa watu milioni 5 ulipotea bure? Aliyetafuta mahali pamoja akasema hapa hapana kitu, amempunguzia kazi atakayetafuta baada yake. Na BOINC ilizaliwa kutokana na mradi huo. Mtu aliyeazimisha kompyuta yake mwaka 2000 kusikiliza nyota hakuwa na habari ya Kilombero; lakini njia aliyosaidia kuichonga ndiyo iliyopitishiwa, miaka mitano baadaye, vile vijiji vya malaria.