Nani anakula umeme wa lupango?

Katika miji yetu kuna ugomvi mmoja usiokwisha, nao ni ugomvi wa umeme. Nyumba sita zimo katika lupango mmoja, mita ni moja, karatasi ya malipo ni moja. Mwisho wa mwezi wakubwa wa nyumba hukutana chini ya mwembe, deni hukatwa mafungu sita, kisha kila mtu huenda zake akinung'unika kwamba amelipa moto wa jirani. Sisi tunakaa katika lupango wa namna hiyo hapa Lubumbashi. Tumeitwa mara nyingi kuamua maneno hayo, maana watu hudhani kwamba mtu aliyepita seminari anajua kila kitu, hata mambo ya nyaya.

Swali lenyewe ni hili: je, kugawa sawasawa ndiko kugawa kwa haki?

Aristoteli, katika kitabu cha tano cha mafundisho yake juu ya maadili, alikwisha kuonyesha kwamba usawa ni wa namna mbili. Kuna usawa wa hesabu, kila mtu fungu lile lile. Na kuna usawa wa kadiri, kila mtu kwa kadiri ya yale yanayomhusu. Mtakatifu Thomasi wa Akwino alifuata njia hiyo hiyo. Tulipojifunza hayo tulikuwa tukifikiri mashamba na mishahara. Lakini shamba huonekana, na mpaka wake huonekana. Mtu akichota maji kisimani, wote huona ndoo yake. Akila umeme, nani amwona?

Basi mahali pasipo kipimo, macho na masikio hushika kazi ya kipimo, nao ni wapimaji wabaya. Katika lupango wetu walioshukiwa walikuwa wawili. Wa kwanza ni vijana wanafunzi wa mlango wa nne, kwa sababu ya muziki wao wa usiku. Wa pili ni mama mjane wa mlango wa pili, anayegandisha maji matamu katika frigo lake na kuyauzia watoto wa shule. Frigo lile hunguruma usiku kucha, na kila linguruma mtu husema kitandani: «Sikia, feza yangu inalia.»

Tukasema: tupime. Jambo hili si gumu kama watu wanavyodhani. Nguvu ya chombo huhesabiwa kwa wati, jina lililotoka kwa James Watt, fundi wa Uskoti aliyekufa mwaka wa 1819. Lakini mita haihesabu wati tu, yahesabu wati pamoja na saa. Chombo cha wati 1,000 kikiwaka saa moja, mita huandika kilowati-saa moja. Taa ya wati 10 itawaka saa 100 kabla ya kufika hapo. Tena, mita za siku hizi zina kitaa chekundu kinachopepesa, na usoni pake pameandikwa ni mara ngapi kinapepesa kwa kilowati-saa moja. Yetu imeandikwa 1,000. Basi ukizima vyote na kuacha kimoja, ukahesabu mipepeso katika dakika sita, yaani sehemu ya kumi ya saa, uzidishe mara kumi, umepata wati za chombo kile.

Dominika moja baada ya Misa nyumba zote zilizimwa, nasi tukakaa mbele ya mita na saa mkononi. Redio na kompyuta ya wanafunzi, pamoja na ule muziki wote, mipepeso kumi: wati 100. Televisheni ya mlango wa tano, sita: wati 60. Taa moja ya namna mpya ilitushinda uvumilivu, dakika sita zikapita bila mpepeso hata mmoja. Frigo halipimwi hivyo, kwa sababu mota yake hufanya kazi na kupumzika. Tulilipima usiku, toka saa nne hadi saa kumi alfajiri, wengine wote wakikubali kukaa gizani: nusu ya kilowati-saa. Kwa mwezi, pamoja na kufunguliwa kwake mchana, tulikadiri 65.

Hapa tuseme neno juu ya yale yaliyoandikwa nyuma ya vyombo. Wengine walisema: «Kwa nini kujisumbua, wati zimeandikwa.» Ndiyo, lakini zimeandikwa kwa volti 220, na jioni katika mitaa yetu volti hushuka sana. Resho la wati 1,500 likipewa volti 160 hutoa karibu nusu tu ya nguvu yake, wala si robo tatu kama mtu angefikiri, kwa kuwa volti zikipungua, mkondo nao hupungua. Ndipo sufuria hukaa motoni muda mrefu zaidi, na moto mwingi hupotea hewani. Haya ni ya kujua kwa mama yeyote anayeshangaa kwa nini maharagwe ya jioni hayaivi.

Tena hesabu ya saa ilitutisha kuliko hesabu ya wati. Wati tulizihesabu kwa macho yetu. Lakini vijana wanasikiliza muziki saa ngapi? Pasi ya mlango wa sita hutumika mara ngapi kwa juma? Hayo mita haiyajui kwa kila mlango, mwenye kuyajua ni mwenye nyumba. Kwa hiyo kipimo chetu kizima kilisimama juu ya ulimi wa watu. Hapo zamani Edison, huko Marekani, aliwauzia watu umeme kwa mita yenye vipande vya zinki ndani ya maji ya dawa. Kila mwezi kampuni ilivichukua na kuvipima kwenye mizani, na mteja hakuweza kujisomea lolote. Sisi tulikuwa na shida iliyo kinyume: kitaa tulikiona wote, lakini saa zilikuwa mifukoni mwa kila mmoja.

Zamu ya mlango wetu ikafika. Tangu makala yalipopanda bei, mama wa watoto wetu alikuwa akipikia resho katika chumba cha nyuma. Walipokubaliana mafungu sita, kila mtu alitaja vyombo vyake. Resho hilo halikuwapo bado. Lilipokuja hatukulitaja. Hatukusema uwongo, tulinyamaza, miezi mitano. Tulilitoa nje mbele ya wote: mipepeso 120 katika dakika sita. Saa nne kila siku. Tulifanya hesabu kwa mkono wetu wenyewe: mwezi wote lupango ulikula kilowati-saa 360, mlango wetu peke yake 150. Tulikuwa tukilipa 60. Wanafunzi, ambao walikula 20, walilipa 60 vilevile.

Je, mapatano hayakuwa mapatano? Tulijitetea hivyo moyoni kwa usiku mmoja. Lakini mapatano huwafunga watu juu ya yale waliyoyajua. Anayebadili jambo kimyakimya, akishikilia bei ya zamani, anatumia neno la wenziwe pasipo idhini yao. Kazi ya kurudisha mali ya mtu haingoji mwizi aitwe mwizi.

Mzee wa mlango wa kwanza hakufurahi. Alisema: «Tukianza kupimana hivi, kesho hakuna atakayempa mwenziwe chumvi.» Neno hilo ni zito, tumelifikiri sana. Kweli, kuna nyumba ambazo kipimo kimeua ujirani. Hata hivyo wanafunzi wale hawakuwa wakimpa mtu chochote. Asiyejua kwamba anatoa, hatoi, anachukuliwa. Mama mjane alipaswa kuongeza tano. Vijana, baada ya kuona hesabu, walisema wao watazilipa, kwa sababu yeye huwapa maji ya baridi bila feza. Sasa hiyo ni zawadi. Mwezi uliotangulia haikuwa na jina.

Mzee yule bado analipa akinuna, nasi hatudhani kwamba amekosea kabisa.

Deni letu lilikuwa kilowati-saa 90 kwa mwezi, miezi mitano, yaani 450. Feza yote kwa mara moja hatukuwa nayo. Tulipatana kulipa 45 juu ya fungu letu kila mwezi kwa miezi kumi, na watatu zimekwisha timia, kijana mmoja akiandika katika daftari. Resho limehamia barazani. Maharagwe hulowekwa tangu jioni, sufuria hufunikwa, na saa nne zimekuwa mbili na nusu, tulihesabu.