Ruta mpya na printa ya Baba

Vijana wenzangu, wiki iliyopita nilibadilisha ruta ya nyumbani. Ya zamani ilikuwa inakatakata. Simu zote zikanasa Wi-Fi, nikajiona fundi. Ila printa ya Baba, ile ya waya anayochapia ratiba ya jumuiya, ikagoma. Nikamwambia, "Baba, hii ni ya kutupa tu." Akajibu, "Sawa, mwanangu," akaanza kukunja waya wake.

Hiyo "sawa" ilininyima usingizi. Papa Fransisko alikemea utamaduni wa kutupa katika Laudato Si' ya 2015, na mimi ndiye niliyewasomesha wenzangu hilo kikundini, jamani!

Asubuhi nikakagua. Printa nzima kabisa. Ilikuwa na anwani ya kudumu inayoanza na 192.168.1, wakati ruta mpya inatumia 192.168.0, kwa hiyo hazionani. Nikaibadilisha ruta mpya ifuate anwani za zamani. Basi. Nilidhani pia kifaa cha zamani kitapunguza kasi ya vyote. Wapi! Tundu la megabiti 1000 hupatana na kifaa cha 100, likashuka kwa ajili ya hicho kimoja; vingine vinaendelea na kasi yao.

Sasa najiuliza: kutamka kitu kimekufa bila kukipima, ni kukosea tu au ni uongo? Nadhani ulikuwa uvivu wangu, nikauita ubovu wa printa.

Baba ameshachapa ratiba, hajasema kitu. Nataka nimwombe msamaha kabla ya Jumapili, kabla sijakomunika.