Haki ya Mtunzi Aliyekwisha Kufa

Je, yafaa mtu kuchukua kazi ya marehemu, akaivunja, akaijenga upya, kisha akaitia jina lake? Swali hili halikuzuka jana, lakini mtunzi Max Richter ametulazimisha kuliuliza tena.

Richter alizaliwa Ujerumani mwaka 1966, akalelewa Uingereza. Alisomea muziki Edinburgh na London, kisha akaenda Florence kwa mtunzi Luciano Berio. Elimu hiyo haikumfanya avidharau vyombo vya elektroniki; katika kazi zake fidla na piano hukaa pamoja na sauti zilizoundwa kwa mitambo. Mwaka 2012 alichukua "Majira Manne" ya Antonio Vivaldi, iliyochapishwa Amsterdam mwaka 1725, akatupa kiasi cha robo tatu, kama alivyoeleza mwenyewe. Kilichobaki alikirudiarudia na kukitandikia sauti nzito za kinanda cha elektroniki. Wale ndege wa machipuko, ambao Vivaldi aliwaliza kwa fidla kwa muda mfupi, kwake hulia mfululizo, mmoja juu ya mwingine.

Wako wasemao kwamba huo ni wizi uliovaa kanzu. Vivaldi alikufa Vienna mwaka 1741 katika ufukara. Hakuombwa idhini, wala hana kinywa cha kulalamikia. Hoja hii si nyepesi. Aliye hai twaweza kumwomba radhi, marehemu je?

Lakini tumsikilize Richter naye. Asema kwamba aliipenda kazi ile utotoni, kisha akaisikia mno madukani na katika matangazo ya biashara, hata mapenzi yakamtoka. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo penye kiini cha jambo. Twadhani kuihifadhi kazi ni kuiacha kama ilivyo. Kumbe yaweza kuzikwa kwa kupigwa kila siku, masikio yakaizoea hata yasiisikie. Anayeifanya isikike tena amemtendea marehemu wema, japo amempunguzia maneno.

Sisi walimu wa Kiswahili tunao mfano wa karibu. Katika takhmisi, mshairi huchukua mishororo miwili ya mwenzake, aghalabu aliyekwisha kufa, akaitangulizia mitatu yake. Hatumwiti mwizi, kwa kuwa ile miwili yabaki kamili na msomaji ajua ipi ni ya nani. Richter hakufanya hivyo. Jina la Vivaldi liko juu ya jalada, naam, lakini ndani mshono umefichwa. Mahali pengi msikilizaji hawezi kusema mmoja ameishia wapi na mwingine ameanzia wapi. Hilo lanitatiza kuliko zile robo tatu zilizotupwa.

Hata hivyo sina budi kukiri jambo moja. Baada ya kuisikia kazi ya Richter nilikwenda kuitafuta ile ya Vivaldi, nikaisikiliza yote, jambo nisilolifanya kwa miaka mingi. Wale ndege walipolia kidogo wakanyamaza, nilitamani waendelee.