Mwanzo Upi Unaomthibitisha Muumba?
Fundi wa Mwanza anapofungua amplifaya iliyoungua, hagusi kapasita kubwa la ndani hata kama plagi imeshachomolewa. Kwanza huunganisha miguu yake miwili kwa rezista, chaji ikatoka, ndipo kazi ianze. Anajua kwamba mkondo ukiwa sifuri haumwambii volti ngapi zimebaki. Hesabu nayo yasema hivyo: volti za sasa ni volti za mwanzo, ukijumlisha chaji iliyoingia tangu hapo ikigawanywa kwa ukubwa wa kapasita. Pitisha miliampia 2 kwa sekunde 3 kwenye kapasita la mikrofaradi 1000, volti zitapanda kwa 6. Zimefika ngapi? Kama lilikuwa tupu, 6; kama lilikuwa na 4, basi 10. Mkondo ni uleule, majibu ni mawili.

Wapo waumini wanaoona ushahidi hapa. Kanuni za maumbile, wanasema, hazijitoshelezi; hata mwanahisabati Laplace, aliyedai mwaka 1814 kwamba akili kubwa vya kutosha ingeweza kuijua kesho yote, aliitaka kwanza ijue hali ya vitu vyote kwa wakati mmoja. Basi hali hiyo aliiweka nani? Swali ni zito, ila limewekwa pasipo pake, kwa maana mwanzo wa hesabu ni saa tuliyoichagua sisi. Litazame Ziwa Viktoria. Kina chake cha leo ni kina cha siku fulani, ongeza mvua na mito, toa mvuke na maji yanayotokea Jinja. Wataalamu hupenda kuanzia 1896 kwa kuwa rekodi zao zinaanzia huko. Anayeanzia 1961 na anayeanzia 1964, baada ya mvua zilizolipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2, wana namba tofauti kabisa za kuanzia; lakini wakihesabu vizuri wote wawili watafika kwenye kina kilekile cha 2020, maji yalipowafuata watu majumbani ufukweni. Mwanzo unaoweza kubadilishwa hivyo bila jibu kubadilika hauwezi kubeba uzito wa Muumba.

Nitaambiwa kwamba huwezi kurudi nyuma milele. Lazima ifike sifuri ya kweli. Ziwa hili linayo sifuri yake: matope ya chini yanaonyesha kwamba miaka takriban 15,000 iliyopita lilikuwa limekauka. Lakini ukavu huo nao uliletwa na ukame uliotangulia. Na ulimwengu mzima je? Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, alishikilia kwamba akili inaweza kuthibitisha kuwa ulimwengu ulianza. Mwanateolojia Mkristo Thoma wa Akwino, aliyeamini uumbaji kama yeye, alikiri kwamba jambo hilo hujulikana kwa imani tu. Nami naona Thoma alikuwa mkweli zaidi. Tena kapasita halisi huvuja: liache muda mrefu na volti zake za mwanzo zitapotea zisijulikane. (Wanaojenga imani juu ya volti hizo wangepaswa kushtuka.) Anayemtafuta Mungu katika hesabu hii aiache namba ya mwanzo, aulize kwa nini kanuni yenyewe inashika, jana na leo, Mwanza na Jinja. Swali hilo halijibiwi kwa kurudi nyuma hata hatua moja.