Herufi Mbili Nyuma ya Gari

Hebu nikuulize, ndugu msomaji, kabla hujakimbilia ukurasa wa hadithi: mtu akibandika herufi nyuma ya gari lake mwenyewe, alilolinunua kwa fedha zake mwenyewe, amemdanganya nani?

Swali hili lilinikuta Mapinga, kando ya barabara ya Bagamoyo, chini ya mwembe wa mama mkubwa. Kaka yangu, mwanawe, alikuwa anaagiza Altezza kutoka Japani. Mimi nimemaliza kidato cha nne, nakaa nyumbani naandika riwaya isiyokwisha, basi kwa hesabu zake Kiingereza nakijua. Akanipa simu. "Dogo, nisomee hapa. Hizi mbili zinatofautiana nini?"

Zinatofautiana hivi. Toyota walianza kuiuza Altezza mwaka 1998, wakaacha 2005, na gredi kubwa zilikuwa mbili. AS200 ina silinda 6 na nguvu za farasi 160, laini, tulivu kama mwalimu mstaafu. RS200 ina silinda 4 tu, lakini ya gia za mkono inatoa nguvu 210. Umeona maajabu? Yenye silinda chache ndiyo kali, na ndiyo ghali. Bodi ni ile ile. Dashibodi ni ile ile, yenye duara kubwa lililobeba vijiduara ndani yake kama saa ya mkononi. Injini zote mbili haziziidi sisi 2000. Ziegeshe pamoja pale Bunju, na mpita njia asiye fundi atazitofautisha kwa herufi za nyuma tu.

Nikamwaza Mjapani wa kwanza, yule aliyekaa mezani na muuzaji mwaka 1999, gari lenyewe bado halijatoka kiwandani, akaambiwa achague. Yeye alichagua kweli. Sisi huku tunachagua kilichokwisha kuchaguliwa. Tunarithi tamaa ya mtu au busara yake, tusijue ni ipi.

Kaka alitaka RS. Fedha zilitoka kwenye shamba la minazi la bibi, maana siku hizi kati ya Bunju na Kerege nani hajauza kipande? Zilitosha kuleta AS na kuezeka nyumba ya mama mkubwa. Akichukua RS, bati zingesubiri. Nikamwuliza, "Kaka, hao farasi 50 wa nyongeza utawakimbiza wapi?" Maana barabara yetu hii ni matuta, vibao vya 50, na trafiki kivulini.

Akacheka. "Dogo, farasi hawakimbizwi. Wanafugwa. Watu wakijua unao, basi."

Nilimdharau kwa jibu lile, nakiri. Lakini wiki ile ile nilikwenda Mji Mkongwe wa Bagamoyo, nikasimama mbele ya mlango mmoja wa nakshi, minyororo na maua kila upande. Nakshi haimzuii mwizi. Mwenye nyumba alimlipa fundi kwa ajili yangu mimi, mpita njia. Na leo tunawapeleka wageni wakaione, vifua mbele! Kwa hiyo kuonekana si dhambi. Ila mlango ule umechongwa kweli. Fundi alitoa jasho, mti ukakubali.

Mwishowe kaka akachukua AS. Nyumba ikaezekwa. Miezi miwili baadaye akaja na RS nyuma ya gari, herufi za kununua Kariakoo, za kubandika kwa gundi. Tulicheka mpaka machozi, na kijiweni nilimtetea. Nani ameibiwa? Mama mkubwa halowi mvua, washikaji wanampigia kaka saluti, kila mtu kapata chake.

Sasa mama mkubwa anatakiwa kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Gari linauzwa. Kaka akanipigia: "Wewe ndiye mwandishi. Niandikie tangazo. Andika RS200."

Hapo herufi zikabadilika mkononi mwangu. Nyuma ya gari zilikuwa pambo. Ndani ya sentensi yangu, na bei pembeni yake, zinakuwa mkono unaoingia mfukoni mwa mtu. Nikamwambia hivyo. Akajibu, na jibu lake si la kijinga: "Mnunuzi ana macho. Atafungua boneti, atahesabu silinda, atasoma namba ya chesi." Kweli. AS ni GXE10, RS ni SXE10, imegongwa pale. Anayejua hadanganyiki. Basi atakayedanganyika ni asiyejua, yaani kijana mwingine aliyeuza minazi ya bibi yake, na asiye na ndugu wa kumsomea.

Na mimi ni nani wa kuhubiri? Katika riwaya yangu nimebandika maneno mazito niliyoyaokota kwenye kamusi usiku, mhusika mvuvi wa Kaole anaongea kama waziri. Rafiki mmoja aliisoma, akauliza, "Hili neno chini yake pana injini?" Nilinuna siku tatu. Lakini hakuna aliyelipia neno lile, nami sikuwa na mgonjwa ndani.

Maana hilo ndilo linaloniuma. Tofauti ya bei ya AS na RS haiendi kwenye starehe sasa. Inakwenda hospitali, kwenye nyonga ya mwanamke aliyenilisha.

Niliandika: Altezza AS200, GXE10, silinda 6, injini tulivu, herufi za nyuma ni pambo tu. Nikamtumia. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akapiga.

"Umeandika vizuri, dogo. Sasa hizo zinazopungua, nani atazijaza?"

Sikuwa nazo. Nyuma yake nilimsikia mama mkubwa akiuliza kama nimekula. Tangazo bado limo kwenye simu ya kaka, hajalituma popote, wala hajabadilisha herufi hata moja.