MBELE YA NYUMBA TUPANDE NINI?

Somo: Mwanzo 2:9, 1 Wafalme 21:1-16



Wengi wetu tumekimbia na kurudi: vita vya 1996, vya 1998, tena machafuko ya 2017. Anayerudi hukuta parsele imejaa nyasi, naye hujiuliza: mbele ya nyumba tupande mti wa maua, au lenga-lenga?

Tusidharau uzuri. Katika Edeni Mungu hakutoa chakula peke yake. Alikumbuka pia macho ya mwanadamu. Lakini kila jambo lina zamu yake. Flamboyanti hukaa miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza, na mizizi yake huweza kupasua msingi wa nyumba. Lenga-lenga huliwa baada ya mwezi mmoja hivi. Ukikata ncha zake, inachipuka tena. Matembele hayadai hata mbegu, ni kipande cha shina tu. Mtoto ambaye nywele zake zimegeuka rangi na miguu imevimba hawezi kungoja ua. Chungu chake kinataka mboga, tena pamoja na maharage, karanga au samaki.

Sasa sikilizeni neno gumu zaidi. Mfalme Ahabu naye alichagua mboga! Alitaka shamba la Nabothi liwe bustani ya mboga karibu na jumba lake. Je, mboga ilikuwa dhambi? Hapana. Dhambi ilikuwa kunyang'anya udongo wa mwingine na kumwaga damu yake. Ndugu, kama umelima parsele ya mtu aliyekimbia, naye amerudi na watoto wake, ukakataa kuiachia, mboga yako ni ya Ahabu. Mrudishie udongo wake, na mavuno yaliyomo mle pamoja.

Basi, mboga kwanza, katika udongo wako mwenyewe. Tuta moja liwe la mjane asiye na nguvu za jembe. Na pembeni, mwembe. Waliotutangulia hapa Kasongo walipanda miembe, na mpaka leo inatupa kivuli na matunda: mti mmoja, kazi mbili. Ua likija baadaye, tutalitazama na kumshukuru Mungu, watoto wakiwa wameshiba.

Bwana abariki mikono yenu. Amina.